Mama anakuja Uingereza, London ameshaichoka: nimpeleke wapi vijijini?

Chumbageni77: Wakuu, wakubwa shikamooni. Mama anatua mwezi wa tano kutoka Tanga. London aliiona safari iliyopita, anasema ni Kariakoo yenye baridi. Sasa anataka vijijini, kwenye mambo ya kale. Sina gari, na magoti yanamsumbua. Nimefikiria Stonehenge, yale mawe ya kale yaliyosimamishwa kwa duara. Mnasemaje?

Bwana Manyunyu: Stonehenge utalipa hela nzuri tu kutazama mawe ukiwa nje ya kamba. Mpeleke Avebury, hukohuko Wiltshire. Duara la mawe kubwa kuliko yote duniani, kijiji kimeingia ndani yake, kondoo wanajilia majani katikati, na kuyashika mawe ruksa. Bure! Mwaka 1938 walichimba chini ya jiwe moja wakakuta mifupa ya mwanamume, na mkasi, na sarafu za karne ya 14. Wakambatiza jina la kinyozi. Treni hadi Swindon, halafu basi.

Mzee wa Treni: Manyunyu na Avebury yake, hachoki. Mkuu, nenda Ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa England. Warumi waliuanza mwaka 122, kilomita 117. Pale Burgh by Sands, kijiji kilicho kwenye ukuta huo, karne ya 3, kulikuwa na kikosi cha Wamoor kutoka Afrika Kaskazini. Yaani Waafrika walilinda mpaka wa huku, leo sisi tunahangaika na viza!

Dada wa Pwani: Mzee, habari ya magoti umeiruka? Ngome ya Housesteads kwenye ukuta huo ni kilima kuanzia maegesho. Chumbageni, mama mwenyewe anapenda nini?

Chumbageni77: Picha, dada. Marehemu baba alikuwa na studio, na mama ndiye aliyekuwa anasafisha filamu kwenye chumba cha giza.

Dada wa Pwani: Sasa si ungeanza na hilo! Lacock, kijiji cha hukohuko Wiltshire. Mwaka 1835 William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha dirisha la nyumba yake pale. Ndiyo negativu (ile picha ya kinyume, penye mwanga panatoka giza) kongwe kuliko zote zilizobaki, kadogo kama stempu. Vikamera vyake vya mbao mkewe aliviita mitego ya panya. Dirisha bado lipo. Treni hadi Chippenham, kisha basi. Ila liko ghorofani, mpandishe taratibu.

Chumbageni77: Nimempigia sasa hivi. Anauliza dirisha linapata jua la asubuhi au la jioni.

Bwana Manyunyu: Limetazama kusini, la mchana. Na mwambie Avebury si mbali na hapo.