Mjadala: Uliyeacha gemu za ngumi enzi za Tekken 3, unarudi na ipi?

Mleta mada (Dar)

Wakuu, shemeji yangu amehama mji na kuniachia PlayStation 4 (PS4) yake na pedi mbili, moja nzima, nyingine kitufe cha mraba hakiitiki mpaka ukibembeleze. Nina miaka 37. Mara ya mwisho kushika pedi kwa nia ya kumpiga mtu ilikuwa kwenye banda moja Temeke, Tekken 3, shilingi mia kwa mechi, aliyefungwa anaachia pedi na mshindi anabaki. Nilikuwa mtu wa Eddy, yule mpiganaji wa mateke. Najua mtakachosema. Kila banda lilikuwa na mtu wa Eddy na kila banda lilimchukia, kwa sababu ukivitwanga vile vitufe viwili vya mateke kama unatwanga kisamvu, jamaa anazunguka kichwa chini miguu juu, na aliyejifunza mpiganaji mwingine, Hwoarang, wiki nzima anatoka nje akiwa hana hamu ya kula.

Sasa nataka kununua gemu moja. Moja tu, bajeti imeshapitishwa na mama watoto na haifunguliwi tena. Tekken 8 iliyotoka Januari 2024 haipo kwenye PS4, na Mortal Kombat 1 ya 2023 vilevile. Mezani kwangu zimebaki tatu: Tekken 7, Mortal Kombat 11, na Street Fighter 6, ambayo ni ya Juni 2023 lakini wenye PS4 hawakuachwa.

Mpwa wangu yuko chuo, anasema nichukue Street Fighter 6 kwa kuwa ina mtindo wa kubonyeza unaoitwa Modern: mwelekeo mmoja na kitufe kimoja, mpira wa moto umetoka. Zamani pigo lile lilikuwa chini, chini-mbele, mbele, halafu ngumi, na kidole gumba kinachubuka. Mimi naona huko ni kubebwa. Halafu nakumbuka nilikuwa mtu wa Eddy, naona aibu kidogo.

Msimamo wangu wa kuanzia ni huu: mtu anayecheza saa moja Jumamosi usiku watoto wakishalala hana sababu ya kununua gemu inayomtaka aingie darasani kwanza. Nipingeni.

Mwalimu (Morogoro)

Chukua Tekken 7, tukalale.

Sababu ni vidole vyako. Mraba mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, msalaba mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Ilikuwa hivyo kwenye banda lako la Temeke na ni hivyo leo. Street Fighter ina vitufe sita, ngumi tatu na mateke matatu, nyepesi, ya kati na nzito, na kwa mtu aliyekulia kwenye Tekken ni kama kuhamia nyumba ambayo swichi za taa zote ziko upande mwingine. Utakuwa unapapasa ukuta mwaka mzima.

Na watu wako wapo. Paul yupo, Law yupo, King, Nina, Yoshimitsu, huyo Hwoarang uliyemtesa, na Eddy mwenyewe. Kuna pia pigo la hasira, Rage Art: damu yako ikikaribia kwisha unabonyeza mara moja, na likimpata mwenzio linakata kipande kikubwa cha damu yake. Kwa mtu anayerudi, hiyo inakupa matumaini hata ukiwa unapigwa.

Tahadhari moja. Usidhani Eddy wa sasa anashinda kwa kutwangwa. Siku hizi watu wanajikinga, wanasubiri amalize ngoma yake, halafu wanamwadhibu.

Mpwa wa mtu mwingine (Dodoma)

Mwalimu, heshima yako, lakini umemshauri mzee wangu anunue kumbukumbu. Vidole vyake vinakumbuka vitufe vinne, sawa. Ila atakutana na orodha ndefu ya mapigo, zaidi ya mia kwa wahusika wengi. Tekken ni gemu ya kujua. Unapigwa na kitu usichokijua, unajifunza hicho kimoja, kesho unapigwa na kingine. Mtu wa saa moja kwa wiki atamaliza lini?

Street Fighter 6 ilianza na wahusika 18, kila mmoja ana mapigo maalumu machache tu. Na hiyo Modern mnayoiita kubebwa ina bei yake: ukitoa pigo maalumu kwa njia ya mkato, linapungua nguvu kwa asilimia 20, na baadhi ya mapigo ya kawaida yanaondolewa kabisa. Anayejua kuzungusha anapata zaidi. Capcom wenyewe, watengenezaji wa gemu hiyo, wanairuhusu kwenye mashindano yao makubwa, Capcom Cup. Sasa sisi tunaocheza sebuleni tukiwa na vikombe vya uji tunamlindia nani heshima?

Halafu kuna World Tour, sehemu ya kucheza peke yako. Unatengeneza mtu wako, unatembea mjini, unachokoza watu barabarani, unajifunza pigo moja moja kutoka kwa walimu. Mzee anaweza kucheza mwezi mzima bila kukutana na binadamu hata mmoja wa kumdhalilisha. Ni darasa, ila limevaa nguo za matembezi.

Fundi wa pedi (Mwanza)

Naingilia kidogo. Kabla ya gemu, tengeneza kile kitufe cha mraba. Kwenye Tekken ndio mkono wa kushoto, na ngumi ya kushoto ndiyo ya haraka kuliko zote, fremu 10 (fremu ni picha moja ya skrini) katika gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde. Yaani moja ya sita ya sekunde. Ukikosa mraba umekosa salamu. Mara nyingi ni mpira wa ndani umechakaa au uchafu umeingia, haihitaji pedi mpya.

Endeleeni kubishana.

Mleta mada

Fundi, asante, naileta. Mpwa, suala la asilimia 20 sikulijua, limenilegeza. Ila swali langu bado: nikishinda kwa njia ya mkato, nimeshinda?

Mwalimu (Morogoro)

Hujashinda. Umepewa lifti.

Mpwa wa mtu mwingine (Dodoma)

Na ulipomchukua Eddy ulikuwa unatembea kwa miguu?

Binti wa Changamwe (Mombasa)

Mwanisamehe kwa kuchelewa. Nyote mwazungumzia vitufe, na hakuna aliyemuuliza huyu ndugu yetu swali la kwanza: *utacheza na nani?*

Nieleze kwa mfano. Mwaka 2019 kijana wa Lahore, Pakistan, anayeitwa Arslan Ash, alishinda Evo Japan, mashindano makubwa ya gemu za ngumi, kwenye Tekken 7, kisha mwaka huohuo akashinda Evo kubwa ya Las Vegas. Wakorea na Wajapani waliokuwa wakitawala gemu hiyo hawakuwa wakimjua. Aliposhinda alisema kwao wako wengine wakali kama yeye, watu wakadhani ni unyenyekevu. Kumbe ni kweli, walipokwenda kutazama wakawakuta. Watu wale walikuwa wakichezea kwenye maduka ya gemu, bega kwa bega, aliyefungwa asimama. Banda lenu la Temeke hasa! Hapa Kenya pia tunaye Sylvia Gathoni, QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya kulipwa kwa ajili ya Tekken 7.

Kwa hivyo mimi sisemi Tekken wala Street Fighter. Nasema nenda nyumba ya tatu kutoka kwako, uliza wana nini. Gemu ya ngumi bila mtu wa kukucheka ni mazoezi ya mkono tu. Mimi mwenyewe niliinunua Guilty Gear Strive kwa sababu ni nzuri, wallahi hakuna gemu nzuri kutazama kama ile. Mtaa mzima hakuna mwingine aliye nayo. Nimecheza na kompyuta hadi nikachoka, sasa nimerudi Tekken kwa binamu zangu, wanipiga kila Ijumaa na ninafurahi.

Mpwa wa mtu mwingine (Dodoma)

Dada, nakuelewa, lakini watu wazima hawana banda tena. Marafiki zake wana kazi na ndoa. Mpinzani atakayepatikana saa nne usiku yuko mtandaoni. Na hapo ndipo Tekken 7 inapoumia: mtandao wake ulilalamikiwa tangu mwanzo. Ukiwa mbali na mwenzako, gemu inasubiri taarifa zifike, mnacheza kama mko ndani ya maji. Street Fighter 6 inatumia rolibeki. Mtambo hausubiri, unabashiri mwenzio atabonyeza nini, ukikosea unarudi nyuma kidogo na kujisahihisha, mara nyingi hata huoni. Hata hivyo umbali haufutiki, ukikutana na mtu wa Brazil utaruka-ruka tu. Ila mtu wa Dar na wa Nairobi wanaweza kupigana vizuri.

Baba wa watatu (Arusha)

Mmesahau gharama. Kwenye PlayStation, kucheza na watu mtandaoni kunataka uwe unalipia usajili wa PS Plus, isipokuwa gemu zile za bure. Halafu bando. Street Fighter 6 kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 60. Ukiishusha kwa bando la simu, mkeo atafungua tena ile bajeti, ila kwa njia nyingine.

Kwa hiyo tafuta diski. Ya Tekken 7, ya tangu 2017, inapatikana kwa waliohamia PS5, na ukichoka unaiuza. Faili ulilolishusha humuuzii mtu.

Mortal Kombat 11 ninayo. Ni rahisi kuanza, ina kitufe chake cha kujikinga, na hadithi yake unaitazama kama filamu. Lakini mwisho wa pambano mtu anapasuliwa, utumbo unaonekana, na binti yangu wa miaka sita aliamka kwenda chooni wakati huohuo. Sina la kuongeza.

Mwalimu (Morogoro)

Naomba nirudishe nusu ya maneno yangu. Nimekaa na Street Fighter 6 ya jirani jana, nimeweka Modern kwa siri. Nimeifurahia. Ila kilichonikera si wepesi. Ni kwamba nilikuwa natoa mapigo mazuri bila kujua kwa nini nayatoa, na nilipofungwa sikujua nimekosea wapi. Kwenye Tekken nikifungwa najua: nilikurupuka. Mapigo mepesi yamenifikisha haraka mahali ambapo sina cha kufanya. Mpwa atasema ni uvivu wangu.

Mpwa wa mtu mwingine (Dodoma)

Sisemi uvivu, Mwalimu. Nasema hapo ulipofika ndipo gemu inapoanzia: umbali, kusubiri, kumsoma mwenzio. Miaka yote Tekken ilikuwa inakuchelewesha kufika hapo, ukadhani njia ndiyo safari.

Mleta mada

Wakuu, nimerudi na matokeo. Nilifuata ushauri wa Dada wa Mombasa, nikapita nyumba hadi nyumba kama mtu wa sensa. Nyumba ya pili hawana kitu. Nyumba ya nne kuna kijana wa bodaboda, ana PS4 na Tekken 7 yenye diski iliyokwaruzwa kama sufuria. Street Fighter hakuna mtaa mzima, ila mpwa wangu anayo na huja mwisho wa mwezi.

Nimenunua diski ya Tekken 7. Mpwa, usinune: nimemwahidi mwenzako akija aje na yake, nitacheza Modern mbele ya watu na nitaibeba aibu yangu.

Jana tumecheza. Pedi nzima nilimpa mgeni, mimi nikabaki na ile ya mraba unaobembelezwa, Fundi bado hajaipata. Raundi kumi na moja, nimeshinda mbili, zote kwa Eddy, na zote alikuwa anajibu simu ya abiria. Tatizo ni King. Ananishika, ananizungusha, ananipigiza chini, nikiamka ananishika tena. Nafanyaje?

Mwalimu (Morogoro)

Tazama mkono unaotangulia anapokuja kukushika. Ukitangulia wa kushoto bonyeza mraba, wa kulia pembetatu, ikija yote miwili bonyeza vyote viwili kwa pamoja. Na ukiona mapema, chuchumaa tu, mishiko mingi inapita juu.

Mleta mada

Mwalimu, mimi naiona mikono sita.

Fundi wa pedi (Mwanza)

Na mraba haufanyi kazi. Lete pedi.