Wana-HEMA wa Ulaya: kanuni moja kwa wote, au kila klabu na zake?

Mtoto wa Pongwe: Wadau, salaam. Kwa msiofahamu, HEMA ni mapigano ya kale ya Ulaya: watu wanachukua vitabu vilivyoachwa na walimu wa upanga karne nyingi zilizopita, wanavisoma, kisha wanajaribu kupigana kama vilivyoandikwa. Niko Ujerumani mwaka wa nne sasa, klabu yetu inafuata mapokeo ya Liechtenauer, mwalimu wa upanga Mjerumani wa miaka ya 1300. Jumamosi tulialika majirani zetu wanaomfuata Fiore, yule Mwitaliano wa mwanzoni mwa miaka ya 1400. Hatukumaliza raundi tatu. Kwao, ukinipiga kichwani nami nikakupata mkononi papo hapo, pointi zako zinakatwa. Kwetu aliyetangulia ndiye mwenye pointi. Tulibishana dakika ishirini nzima, jasho linatukaukia ndani ya makoti. Upanga wa Olimpiki una shirikisho la dunia tangu 1913. Sisi tunasubiri nini? Na hao wa Fiore wakubali tu, maana wengi wao wanaigiza picha za kitabu, kupigana hawapigani.

BintiKisauni: Hawapigani? Mimi ni wa Fiore, niko Italia mwaka wa sita. Kidole gumba changu cha kulia hakikunjiki sawasawa mpaka leo. Nilikuwa na glovu za ngozi za bei nafuu, upanga wa chuma wa kilo moja na nusu ukashukia kwenye kiungo. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Pambano nilimaliza kwa mkono wa kushoto. Usiniite mtu wa picha.

Mtoto wa Pongwe: Pole dada. Nimesema wengi, sijasema wote.

BintiKisauni: Wengi ni akina nani? Umekutana na klabu moja Jumamosi moja.

Mkuu wa Kihonda: Tuliache hilo kidogo. Huo umoja ulishajaribiwa hukohuko Ujerumani. Kulikuwa na chama cha Ndugu wa Mtakatifu Marko, wakapewa hati na Kaisari miaka ya 1480 na kitu, wao peke yao ndio watoe cheo cha mwalimu wa upanga. Baadaye wakazuka wengine, wale wa Unyoya, na uhasama ukawa wa kudumu. Mkishika muhuri mmoja, anayeushika atawanyima wenzake.

Mtoto wa Pongwe: Ni 1487, Kaisari Frederick III. Na wale wa Unyoya nao walipata hati yao kwa Rudolf II mwaka 1607. Kwa hiyo mwishowe wote wawili walitambuliwa, mkuu. Hoja yako inanisaidia mimi.

Mkuu wa Kihonda: Inakusaidiaje? Zaidi ya miaka 100 mmoja amekalia mlango!

Kae wa Makunduchi: Samahani wakubwa. Mwanzo nilidhani mnajadili mahema ya kulala. Sasa nimeelewa, naomba niulize kwa moyo mweupe: Mwafrika anavaa koti la Mzungu wa miaka 600 iliyopita akitafuta nini? Kwetu kila Mwaka Kogwa pande mbili za mji zinachapana kwa migomba, hasira za mwaka zinatoka, hakuna refa wala kitabu. Mbona hamuulizii cha kwenu?

BintiKisauni: Kaka Kae, mimi nimezaliwa Mombasa. Ngome ya Yesu naiona tangu nina akili. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na aliyechora ramani yake ni Mwitaliano, Cairati. Watu waliosimama juu ya zile kuta walikuwa na panga viunoni. Nataka kujua panga hizo zilishikwaje, mguu uliwekwa wapi, mkono ulipindwaje, kwa sababu zilishushwa juu ya watu wetu. Hilo si la Mzungu peke yake. Na kirumbizi cha Lamu nimekiona kwa macho yangu wakati wa Maulidi, fimbo kwa fimbo, watu wamezunguka duara. Sijakitupa.

Ibn Muttrah: Usisahau na waliowatoa. Waomani waliizingira ngome hiyo tangu 1696 mpaka ikaanguka 1698. Razha, ngoma yetu ya panga, tunaicheza hadi leo, huku Oman na hata Unguja, panga zinarushwa hewani na kudakwa. Upanga wetu haukuhitaji kufufuliwa.

BintiKisauni: Hapo ndipo penyewe, sheikh. Razha na kirumbizi vina wazee wa kuuliza. Kwa Fiore hakuna mzee. Mnyororo ulikatika, tumebaki na michoro na maneno machache juu yake. Ndiyo maana watu wawili wazima wanaweza kusoma mstari mmoja wakatoka na mapigo mawili.

Refa wa Leeds: Mimi huchezesha mashindano, nirudi kwenye swali. Kanuni ya pigo la kulipiza, ile ya kukatwa pointi ukipigwa papo hapo, haikuwekwa kwa ajili ya kumkomoa mtu. Watu walikuwa wanajirusha kama hawana roho: anakupiga kichwani huku wewe umemchoma tumbo, anashangilia. Kwa chuma chenye makali wote wawili mnazikwa. Kanuni ile inamfundisha mtu kupiga na kutoka salama. Kanuni ya aliyetangulia nayo inafundisha kushika hatamu ya pambano, na Liechtenauer alisisitiza hilo. Yote ni mafunzo. Mashindano ya Swordfish ya Gothenburg, Sweden, yalianza 2006, wanaingia watu wa kila mapokeo, wanapewa kanuni za siku hiyo, wanapigana. Ila mkiweka kanuni moja ya milele, vijana watasoma kanuni, vitabu wataviacha. Tazameni epee, aina moja ya upanga wa Olimpiki, waliiunganisha na umeme Olimpiki ya 1936, sasa mtu anatafuta taa iwake.

Mtoto wa Pongwe: Nimekuelewa mwalimu, kwenye pointi nalegeza. Lakini vifaa je? Barakoa, kinga ya koo, glovu ngumu zinazofunika kila kidole. Hapo lazima tuwe na kiwango kimoja. Dada hapo juu asingevunjika.

Mkuu wa Kihonda: Glovu hizo ni bei. Mwanafunzi atazitoa wapi? Mtafunga mlango tena.

Refa wa Leeds: Klabu ziazimane. Sisi tuna sanduku zima la glovu na makoti, anayekuja mara ya kwanza hanunui kitu.

Kae wa Makunduchi: Bibie, jibu lako la Ngome limeniingia. Nina mdogo wangu yuko huko Ujerumani, ana kilo 95. Koti la kumtosha lipo?

Mtoto wa Pongwe: Lipo, na glovu nitampa zangu za akiba. Aje Jumamosi.

BintiKisauni: Aje kwenu sawa. Ila lile neno "wengi" bado liko pale juu, na hujalifuta.