Lori la dizeli linagoma kuwaka: tupeane uzoefu, wa Arusha na Moshi

Mleta mada, Ngaramtoni:
Wakuu, habari za jioni. Nina Fuso ya zamani, ile ya pampu ya kawaida isiyo na mambo ya kompyuta. Inabeba vitunguu kutoka Mang'ola kuja mjini. Miezi miwili ilinitesa hivi: jioni nazima vizuri, asubuhi stata inazunguka kwa nguvu, injini haishiki. Tingo anashuka, anabonyeza pampu ya mkono pale kwenye filta mpaka kidole gumba kinauma, inawaka. Kutwa nzima haina neno. Fundi wa kwanza aliitazama dakika tano akasema pampu imekwisha, ishushwe. Ikashushwa, ikapimwa, ikarudi. Laki sita na ushee. Kesho yake asubuhi, yale yale.

Aliyenifumbua macho ni mama watoto, ambaye hata leseni hana. "Mbona ukilaza gari kwa kaka yako linawaka?" Kweli bwana! Kwa kaka linalala pua ikitazama bondeni, kwangu linatazama mlimani. Pua ikiwa juu, injini inakuwa juu ya tangi, na dizeli iliyo kwenye paipu inarudi tangini usiku. Lakini haiwezi kurudi kama upepo hauna pa kuingilia. Tukaingia chini ya chesisi na tochi. Mpira wa kuvutia dizeli ulikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi. Chini hapakuwa na hata tone, maana upande ule pampu inanyonya, haisukumi, kwa hiyo ufa unaingiza upepo badala ya kutoa dizeli. Mpira mpya na klipu mbili, elfu kumi na tano.

Leteni na ninyi yenu. Yaliyowakuta wenyewe, ya kusimuliwa kijiweni tuyaache.

Dereva wa Canter, Moshi:
Pole sana mangi. Yangu ilikuwa kinyume. Asubuhi inawaka chap, ila nikipandisha na saruji kutoka Himo kwenda Mwika, baada ya muda inaishiwa nguvu, inazima, haiwaki tena. Nikikaa pembeni robo saa inawaka kama hakuna kilichotokea. Nilibadilisha filta mara mbili, bure. Siku moja tingo akafungua mfuniko wa tangi, nikasikia fyuuu kama soda. Mfuniko wenyewe tuliibiwa, tukaweka wa kuokoteza na kuubana na kipande cha tyubu dizeli isimwagike. Tangi likawa halipumui! Dizeli inatoka, upepo hauingii, mwisho pampu inavuta inashindwa. Nilinunua mfuniko wenye tundu la kupumulia, na tingo nikamnunulia chipsi.

Mama wa Usa River:
Mimi ni mwenye gari tu, siendeshi. Letu fundi alishafungua nozeli mbili, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, ndipo kijana wake akasema, "Mzee, mbona ukiwasha swichi hailii tak?" Waya wa solenoidi ya kuzimia, pale kwenye pampu, ulikuwa umechomoka. Solenoidi isipopata umeme inafunga dizeli. Nozeli nilizilipia hivyo hivyo.

Fundi, Unga Limited:
Mnatusema sana, ila mteja naye anakuja ameshachagua ugonjwa. Mimi kabla ya spana naangalia eksozi wakati stata inapigwa. Hakuna moshi kabisa (moshi, si mji), dizeli haifiki kwenye silinda. Unatoka mweupe na injini haiwaki, dizeli inafika ila haiungui. Hapo angalia hita za kupasha silinda kama injini inazo, mgandamizo, taimingi (wakati wa dizeli kupulizwa), au betri chovu inayozungusha stata kivivu.

Kama hakuna moshi, natundika kidumu cha lita tano cha dizeli safi juu kuliko pampu, naunganisha moja kwa moja, natoa upepo. Ikiwaka, pampu usiiguse, ugonjwa uko huko nyuma mpaka tangini. Kisha narudisha paipu ya tangi na kuweka katikati mpira unaoonyesha ndani. Mapovu yakipita utayaona kwa macho yako, hakuna wa kumdanganya mwenzake.

Dereva, njia ya Namanga:
Fundi kasema kweli, niongeze moja. Kulegeza nati za nozeli huku stata inapigwa, ili kutoa upepo, ni kwa injini za zamani. Hizi za komoni reli, za kisasa zenye kompyuta na bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, msijaribu! Ikishawaka presha inaweza kupita baa 1,000, na hata kwenye stata tu dizeli inaweza kupenya ngozi. Kidonda unakiona kama cha sindano kumbe ndani mkono unaharibika. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, si kufunga kitambaa.

Langu lilikuwa linagoma likiwa la moto. Mashine ya kupimia ikaonyesha presha ya reli haipandi. Fundi akafunga vichupa kwenye mipira ya kurudisha dizeli, kila nozeli na chupa yake. Ya nozeli ya tatu ilijaa, wenzake hawajafika hata robo. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa inarudisha dizeli na kuua presha.

Mleta mada:
Asanteni wakuu. Fundi wa Unga Limited, Ngaramtoni unafika? La kaka nalo limeanza kugoma tangu juzi, na linalala pua chini kama kawaida.

Fundi, Unga Limited:
Nafika. Likipigwa stata linatoa moshi?

Mleta mada:
Ngoja nimpigie nimuulize.