Tupeane uzoefu: uliwahi kudanganya kodi ya mapato ukakamatwa? Ilikuwaje?

Kalamu Nyekundu:
Wakuu, leo nimepishana na kijana anapandisha maboksi ya mafaili ofisini kwa wakili, jasho linamtoka. Miguu yangu ikaisha nguvu. Miaka kadhaa nyuma aliyebeba maboksi nilikuwa mimi.

Nilikuwa na vitabu viwili. Cha wakaguzi kilikuwa safi. Cha pili kilikuwa daftari la jalada la bluu, ndimo mlimokuwa na mauzo ya kweli. Walipokuja hawakugomba. Yule dada mkaguzi alitandika taarifa za benki mezani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akauliza, "Hii iliingia kutoka wapi?" Nikajibu. Akashusha rula. "Na hii?" Hivyo hivyo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kwenye mstari wa arobaini na kitu uongo ukaniishia, nikanyamaza. Mke wangu alikuwa kasimama mlangoni, anasikia kila kitu.

Kodi yenyewe ningeilipa. Kilichonimaliza ni faini, na juu yake riba, tena riba inahesabiwa tangu siku kodi ilipotakiwa kulipwa, si siku uliyokamatwa. Akaunti zikazuiwa, mishahara ya vijana wangu ikakwama. Jela niliikosa kidogo sana.

Mama Wawili:
Hiyo rula nimeiona kwa macho yangu. Pole kaka.

Mtu Kazi:
Kosa lako ni kuandika. Ungeweka kichwani.

Binti Hesabu:
@Mtu Kazi usiwafundishe watu wizi. Mimi ni mhasibu. Daftari si lazima lionekane. Wanaangalia nyumba uliyojenga, gari, ada za watoto, wanalinganisha na mapato uliyotangaza. Isipolingana, wewe ndiye wa kueleza.

Mtu Kazi:
Wakubwa wanaficha nje ya nchi mbona hawaguswi?

Binti Hesabu:
Wanaguswa. Tangu 2017 nchi nyingi zinapeana taarifa za akaunti za wageni moja kwa moja. Na Uli Hoeneß, aliyekuwa rais wa klabu ya soka ya Bayern Munich, alikuwa na akaunti ya siri Uswisi. Alijisalimisha mwenyewe, ila maelezo yake hayakukamilika, mahakama ikayakataa. 2014 akahukumiwa miaka mitatu na nusu.

Mzee wa Busara:
Kwa hiyo kujisalimisha hakusaidii. Kaa kimya, omba Mungu.

Binti Hesabu:
Hapana mzee wangu! Kunasaidia sana ukienda kabla hawajakufungulia faili, na ukisema YOTE. Nusu ukweli ndiyo iliyomponza.

Fundi Saa:
Mimi yangu alifanya mhasibu. Alitengeneza ankara za matumizi hewa, mimi nikasaini bila kusoma. Nilipoitwa alikuwa keshahama. Nikajitetea kwamba sikujua, wakanionyesha saini yangu.

Mama Wawili:
Hata Messi alisema mambo ya fedha anamwachia baba yake. 2016 mahakama ya Barcelona ikampa miezi 21. Jela hakuingia kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza na kifungo hakikufika miaka miwili.

Mtu Kazi:
Sasa mtu akikosea hesabu tu naye mwizi?

Fundi Saa:
Kukosea ni kukosea, utalipa na riba. Wanachotafuta ni nia: vitabu viwili, risiti za kughushi, karatasi zilizochomwa. Hapo ndipo inakuwa jinai.

Mgeni Wa Leo:
Nimesoma yote mikono inatetemeka. Nina mwaka mmoja kuna kipato sikukitangaza. Nichome zile karatasi?

Kalamu Nyekundu:
USICHOME mdogo wangu. Mimi nilijaribu kuchana lile daftari na vipande wakavikuta kwenye pipa. Hicho ndicho kilichowakasirisha kuliko fedha zenyewe. Wamekuandikia barua yoyote?

Mgeni Wa Leo:
Bado.

Kalamu Nyekundu:
Basi kesho asubuhi na mapema uwe kwa mwanasheria wa kodi. Na mwambie mkeo leo usiku, asije akasikilizia mlangoni kama wangu.