Nataka kubobea homoni halafu nifundishe, kuna mtu alifanya hivyo ikaleta maana?

intani_Mtwara: Wakuu habari za jioni. Niko intanshipu huku Mtwara, nakaribia kumaliza. Mi napenda sana mambo ya homoni, kisukari, tezi za shingo, hizo ndo kliniki nazisubiri wiki nzima. Ila napenda kufundisha pia, wale wanafunzi wa utabibu wakija wodini nawaelekeza mpaka zamu inaisha. Sasa mjomba wangu Newala anasema nisome miaka yote hiyo halafu niishie kuwa mwalimu, si bora ningeenda ualimu tu toka mwanzo. Nawauliza, yupo aliyebobea homoni akahamia kwenye kufundisha? Na njia ikoje?

Mwl_wa_Wodini: Yupo mdogo wangu, tena mkubwa. Ronald Harden, alisoma udaktari Glasgow akawa bingwa wa homoni, baadae akajikita kwenye elimu ya udaktari kule Dundee. Hii OSCE, mtihani wa vitendo wa udaktari unaowakosesha usingizi, kengele ikilia unahama kituo, yeye na wenzake ndo waliitangaza kwenye jarida la BMJ mwaka 1975. Kabla ya hapo mtihani wa wodini ulikuwa bahati yako tu. Wewe unapangiwa mgonjwa anayejieleza vizuri na bandama lake linashikika hata na mtoto, mwenzio anapewa mzee hataki kuongea, na mtahini mmoja mkali mwingine mpole, halafu matokeo yanabandikwa ubao mmoja! Harden akataka wote wapite vituo vilevile na mtahini awe na karatasi ya vitu vya kuangalia. Na mtihani ukibadilika usomaji nao unabadilika, kukiwa na kituo cha kumuelekeza mgonjwa kuchoma insulini basi watu wanakaa wanajifunza kuelekeza, hawakariri tu dozi. Mwambie mjomba huyo mwalimu kagusa wagonjwa wengi kuliko kliniki yoyote ingemruhusu.

DrNachingwea: Sawa ila asidanganywe, njia ni ndefu. MD, yaani shahada ya udaktari, miaka 5, intanshipu mwaka 1, MMed, yaani uzamili, ya magonjwa ya ndani miaka 3, hapo ndo uanze ubobezi wenyewe. Na ukirudi kusini na huo ubobezi foleni itakuwa mpaka nje, utafundisha saa ngapi? Mi naona atibu kwanza, watu wetu wanasafirishwa mpaka Dar.

nesi_Lindi: Dokta shikamoo, lakini hapo kwenye kutibu kwanza naomba nikupinge kidogo. Kisukari kukitibu NDO kufundisha. Mgonjwa anaenda kujichoma mwenyewe kijijini, friji hana, lazima umuonyeshe namna ya kuhifadhi insulini kwenye chungu chenye mchanga wa maji, umuonyeshe kukagua miguu kila siku, sukari ikishuka afanye nini. Halafu kuna watoto, hili linaniuma kweli. Mtoto anatapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu, anakojoa sana, anaandikiwa dawa ya malaria anarudishwa nyumbani kumbe ni sukari imepanda, na tone moja la damu kwenye kipimo lingesema. Nimepokea mtoto wa hivyo hajitambui. Yule aliyemuona zahanati hakuwa mzembe, hakuna mtu aliyewahi kumfundisha ashuku sukari kwa mtoto. Bingwa akikaa mjini na foleni yake mtoto huyo hamfikii, akifundisha matabibu na manesi wa zahanati anamfikia.

Mwl_wa_Wodini: Umesema kweli dada. Na tusiangalie Ulaya tu, hapa kwetu Prof. Donald McLarty na Prof. Andrew Swai walikuwa walimu Muhimbili na ndo haohao walioenda kupima sukari vijijini, 1989 wakachapisha kwenye jarida la Lancet kwamba kisukari vijijini kilikuwa chini ya asilimia 1. Tunajua tulikotokea kwa sababu walimu walitoka darasani.

DrNachingwea: Marahaba dada. Hilo la watoto nalikubali, nimewaona na mimi. Basi asisubiri ubobezi, aanze sasa hivi. Mtwara mjini kuna chuo cha matabibu, awaombe hata kipindi kimoja.

intani_Mtwara: Nimewasoma wote, asanteni sana. Dada wa Lindi, nikipata ruhusa naweza kuja hapo kwenu tukae na wenzako, mada iwe hiyo ya mtoto anayetapika? Vipimo nitajitahidi nije navyo.

nesi_Lindi: Karibu sana mdogo wangu, nitaongea na mganga mfawidhi. Njoo siku ya kliniki ya watoto, siku hiyo tunakuwepo wote.