MREJESHO: Shilingi za simba za marehemu babu, zipi za fedha?

Wakuu, nilileta hapa sarafu kumi za shilingi moja za Afrika Mashariki za enzi ya mkoloni, zenye picha ya simba, nikauliza zipi zina madini ya fedha. Ahsanteni sana nyote mlionijibu.

Sumaku haikunasa hata moja. Mzani nao haukusaidia, karibu zote gramu 7.8. Kilichonitoa ni mwaka: tano ni za 1946 kurudi nyuma, zina fedha, ila robo tu ya madini yake. Tatu za 1948 hadi 1952 ni shaba na nikeli.

Moja mwaka umefutika, lakini kwa lenzi nikasoma "IND: IMP:" (kifupi cha Kilatini cha "Kaizari wa India") kandokando ya kichwa cha mfalme. Maneno hayo yaliondolewa India ilipopata uhuru mwaka 1947, kwa hiyo hii ni ya kabla ya zile za 1948, nayo ya fedha. Nilifurahi mno!

Ya kumi imelika pande zote, bado sijaijua. Siuzi hata moja.