"Ajifunze kufunga faili" AJIFUNZE NANI?? Limiti umeweka wewe!

Wakuu leo salamu hakuna, vidole vinatetemeka. Yule bwana mnamjua, yule mwenye ruti (mamlaka yote) ya seva zote anayelinda nywila kama anatunza hazina ya ufalme, sina haja ya kumtaja. Leo mbele ya watu wote kwenye grupu kaandika: "Mwambieni ajifunze kufunga faili." Kufunga faili! Mimi!

Iko hivi, tangu juzi huduma yetu ikifika ile mida ya watu wengi inaanza kutapika "Too many open files" (mafaili yaliyofunguliwa yamezidi) kwenye logi mpaka logi yenyewe haisomeki, wateja wanagonga mlango hawafunguliwi. Nikamwomba kistaarabu kabisa, kaka tupandishie limiti ya mafaili kwa yuza anayeendesha huduma. Akaingia limits.conf, faili la kuwekea limiti, akaandika nofile (idadi ya mafaili wazi) 65535, akapiga ulimit -n, amri ya kuonyesha limiti hiyo, kwenye tamino YAKE, ikasoma 65535, akatuma picha na neno moja: "Tayari." Tukaristati, nusu saa haijaisha yakarudi yale yale. Nikasema bado kaka. Ndo akaleta hilo neno. Na vikaragosi vya kucheka vikafuata 11, nimevihesabu kimoja kimoja.

Nikaingia mwenyewe, nikafungua /proc, folda inayoonyesha kila prosesi (programu inayoendeshwa), namba ya prosesi, limits. Max open files: laini (inayotumika sasa) 1024, ngumu (mwisho wa kuipandisha) 524288. ELFU MOJA NA ISHIRINI NA NNE!! Nikaangalia fd (orodha ya vilivyofunguliwa) humo humo, pamejaa pomoni na karibu zote ni soketi (miunganisho, nayo inahesabiwa kama mafaili) za wateja walio hai, sio mafaili niliyoyasahau kuyafunga. limits.conf inasomwa na PAM, mlinzi wa mlango, mtu akilogin, huduma inayowashwa na systemd, mwashaji wa huduma za seva, haipiti mlango huo kabisa, inataka LimitNOFILE kwenye yuniti yake (faili la maelezo ya huduma), daemon-reload, ristati, kwisha. Kajipima shati mwenyewe likamtosha halafu ananiambia mimi ndo nimenenepa.

"Ajifunze kufunga faili." Afunge yeye kwanza mdomo.

#1 Pole mkuu, huyo hata kwetu yupo. Sisi alituambia tuzime tuwashe, siku nne tunazima tunawasha.

#2 Hasira zote hizo na wewe una lako. Ngumu ni 524288, programu yako ilikuwa na uwezo wa kujipandishia laini yenyewe ikiwaka, inaita setrlimit ndani ya kodi, mistari mitatu tu. Hiyo 1024 imeachwa makusudi kwa ajili ya programu za zamani za select(), njia ya kale ya kusubiri miunganisho mingi, zile haziwezi kushika faili lenye namba kuanzia 1024.

Mwenye uzi Sawa hilo nitaweka kesho. Lakini yeye hakusema setrlimit, kasema NIJIFUNZE KUFUNGA FAILI, mbele ya watu!

#3 Halafu acheni kuiita limiti ya yuza. Unaiandika kwa jina la yuza ila nofile inahesabiwa kwa kila prosesi peke yake, prosesi kumi kila moja na 1024 yake. Inayohesabiwa kwa yuza mzima ni nproc, idadi ya prosesi.

#1 Kaja mwalimu sasa

#4 Afadhali nyie. Wa kwetu kafuta logi ya giga 40, diski haijapungua hata kidogo, lawama zote kwangu eti najaza seva. Napiga lsof +L1, amri ya kuonyesha mafaili yaliyofutwa ila bado yamefunguliwa, nakuta prosesi bado imelishika lile faili wazi, ndo maana nafasi hairudi. Giga 40 wakuu!

#5 Wa kwetu dawa ya kila ugonjwa ni chmod 777, kila mtu aruhusiwe kila kitu.

#4 Mpaka funguo za siri za ssh, za kuingilia seva?

#5 Mpaka funguo za ssh. Ssh ikazikataa, akasema ssh mbovu tuibadilishe.

#6 Hamjakutana na inodi kuisha nyie, kila faili linakula moja hata liwe dogo vipi. df -h inasema diski nusu tupu, faili la herufi moja haliandikiki. Nimekesha mpaka alfajiri ndo nikakumbuka df -i inayohesabu inodi, asilimia 100, mafaili madogo madogo ya sesheni hakuna aliyewahi kuyafuta tangu seva iwashwe.

Mwenye uzi Wakuu turudi kwenye ile picha ya 65535 aliyotuma

#5 #6 ulizifutaje? Mimi rm * ilinigomea, inasema orodha ndefu mno

#6 find na -delete mkuu, nenda kalale ukiamka zitakuwa zimeisha

#4 Giga arobaini jamani.